Marehemu Anadai Chai

Mtangazaji wa redio alisema kwamba marehemu Maganga alikuwa "mchoraji wa watu", na kwamba alianza kazi yake ya katuni "katika mazingira magumu". Nilikuwa jikoni nakaanga samaki, nikacheka peke yangu mpaka mafuta yakanirukia mkononi. Mazingira hayakuwa magumu hata kidogo. Tulikuwa na vyumba vya kulala, tulikuwa na mashine ya kuchapia ya bure, tulikuwa na mwanamke aliyetupikia bila kuombwa. Iliyokuwa migumu ni mioyo yetu, wangu kuliko wake, na hilo redio haiwezi kulijua, kwa sababu waliobaki duniani wanaolijua ni wawili tu, mimi na Bi Pili, na Bi Pili si mtu wa kutembeza maneno. Kesho yake nilijifunga khanga nikaenda msibani kwa Maganga, Tandika. Lakini kabla sijasema niliyoyakuta huko, lazima niuseme mwaka ule mmoja, maana bila kuujua mtu anaweza kudhani kwamba nilichofanyiwa msibani kilikuwa heshima.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, taipisti katika ofisi ya karakana moja ya vitanda vya chuma, Chang'ombe. Nilipanga chumba Temeke, katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na uani nyuma, nyumba ya ukoo wa Mzee Kondo, Mzaramo wa watu, ambaye enzi zake alifanya kazi kiwandani na sasa alikuwa na kazi moja tu, kuugua. Miguu ilimvimba, pumzi ilimpanda, na kutwa nzima aliita: "Pili! Chai!" Mkewe Bi Pili alikuwa hajafika hata miaka arobaini. Alipika vitumbua vya kuuza asubuhi, akimaliza anamgeuza mgonjwa, anamwosha, anampa chai, na jioni mimi nikirudi kazini nakuta mkekani kwangu sahani imefunikwa kwa kawa: kisamvu cha nazi, au dagaa, au muhogo. Sikuwa ndugu yake. Mimi ni Mmakua wa Masasi, Mkristo, nilifika pale na sanduku moja na barua ya kazi. Yeye aliniita mwanangu siku ya pili tu, nami nikalizoea jina hilo haraka kama mtu anavyozoea kitu cha bure. Jambo jingine kuhusu nyumba ile: haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia hewani, juu ni bati tupu, kwa hiyo aliyepiga chafya chumba cha kwanza aliambiwa "afya" na wa chumba cha tatu. Chumba changu kilipakana na cha Mzee Kondo.

Maganga aliishi uani, kwenye kibanda kilichokuwa stoo ya mkaa. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, na mbele ya Bi Pili hilo la Unyamwezi ndilo lilikuwa jina lake lote. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na hawa wawili waliufanya utani huo kama ibada. Bi Pili akimwona anatoka na mswaki alimpigia kelele: "Wee mpagazi wangu! Babu zako waliniletea mizigo kwa miguu toka Tabora, wewe ndoo moja ya maji inakushinda?" Naye anajibu: "Nyamaza, mcheza mdundiko! Ukoo mzima mmeuza mashamba mkacheza ngoma, leo mnakula vitumbua vyenu wenyewe." Kisha wanacheka, na kitumbua cha kwanza kwenye chuma ni cha Maganga. Mimi nilikaa kizingitini nikiwasikiliza kwa wivu. Mtu asiye na mtani katika nyumba kama ile ni mgeni, hata akilipa kodi miaka kumi.

Mimi na Maganga tuliunganishwa na stensili. Zilikuwa karatasi laini zenye nta, unazitoboa kwa taipureta au kwa kalamu ya chuma, unazifunga kwenye mashine ya kudurufu, unazungusha mpini, na kila mzunguko unatoka na nakala. Ofisini kwetu mashine hiyo ilichapa bei za vitanda. Jumamosi saa saba bosi alifunga akaenda kwake Wazo, na funguo zilibaki kwangu. Maganga alichora kwa kalamu ya chuma, ulimi nje, jicho moja amelifumba, na ukikosea stensili hakuna kufuta, unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unasubiri, unaomba Mungu. Mimi nilikuwa mtu wa maneno. Yeye alichora midomo wazi na duara tupu juu ya kila kichwa, tuliliita puto, na kazi yangu ilikuwa kulijaza. Kijarida chetu kilikuwa na kurasa nane, jina lake Chungulia, na matoleo matatu ya kwanza yalikuwa mabaya kiasi kwamba wauza samaki wa Tandika walikataa kuyafungia samaki, wakisema wino unachafua. Tulikuwa na hadithi za majambazi na majini ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona. Maganga aliumia kimyakimya. Mimi niliumia kwa sauti, nikimwambia anachora watu kama viazi. Nilitaka kuonekana. Nilitaka mtu akae mbele yangu asome neno langu acheke, na nilikuwa tayari kutoa chochote kwa ajili hiyo, hasa kitu cha mtu mwingine.

Mzee Kondo alikufa siku ya Ijumaa asubuhi, katikati ya mwaka. Wanawake walijaa ndani, wanaume nje chini ya turubai, na Bi Pili alikaa kwenye kona ya chumba amejifunika mpaka machoni, mkavu, hata kulia hawezi. Dada wawili wa marehemu walikuwa wamekaa pembeni yake wakimtazama kama askari wanaolinda benki. Basi kabla jeneza halijatolewa, akaingia Maganga. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu, kofia ya marehemu, ameshika mkongojo wa marehemu, na anaburuza miguu vilevile, anahema vilevile. Akajilaza kizingitini katikati ya mlango. "Pili! Chai!" Watu wakashtuka. "Mmenifunika shuka mkadhani nimeshiba? Hatoki mtu hapa mpaka chai iive!" Bibi mmoja akaanza kucheka. Kikombe kikaletwa, Maganga akaonja, akakunja uso. "Haina sukari. Nirudisheni kitandani." Hapo nyumba nzima ikalipuka, na kule kwenye kona nikasikia sauti ikitoka chini ya khanga, kwanza kicheko, kisha kicheko na kilio pamoja, kisha kilio kitupu, kile ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimegoma. "Mpumbavu wewe mpagazi," alisema Bi Pili akilia. "Mpumbavu wewe, Mungu akubariki." Ndipo Maganga akainuka, akavua kofia, na wanaume wakapita na jeneza. Sijaona dawa iliyofanya kazi haraka namna ile.

Mtani alikuwa amemaliza kazi yake, na ingeishia hapo kama si mimi. Jumamosi iliyofuata, ofisini, Maganga alikaa mbele ya stensili tupu saa nzima. Nikamwambia achore ile ya msibani. Akasema utani ni wa msibani, haubebwi. Nikamwambia, "Kwani kuna sheria? Wewe si mtani wao? Mtani akifanya kitu nani atamshitaki?" Alifikiri kidogo. Hilo ndilo kosa lake peke yake katika habari hii, na aliliamini kwa moyo mweupe: kwamba ruhusa aliyopewa mdomoni itamfuata mpaka kwenye karatasi. Lakini utani ukisemwa unasikiwa na wanaohusika, wanacheka, unaisha. Karatasi inakwenda kwa watu ambao si watani wa mtu yeyote. Basi akachora. Na alivyochora! Mikono ilikuwa imepata kitu ilichokijua. Maiti ameketi kwenye jeneza na kikombe, mashehe wamekimbia na kandambili zimebaki, mjane kwenye kona na khanga mpaka puani. Akaandika juu: "Marehemu Anadai Chai". Kisha akanisukumia stensili nijaze maputo, naye akatoka kwenda kununua mihogo ya kuchoma.

Kwenye puto la mjane hapakuwa na neno. Ningeweza kuandika lolote. Niliandika nililokuwa nalo. Wiki moja kabla ya kifo, saa kumi na mbili asubuhi, nikivaa niende kazini, nilimsikia Bi Pili kupitia juu ya ukuta. Alikuwa hajalala siku nyingi. Mzee alikuwa ameita chai mara ya kumi na alikuwa ameimwaga kitandani. Na Bi Pili akasema, taratibu, bila hasira, kama mtu anayeomba chumvi: "Kufa basi, Kondo. Kufa, na mie nilale." Hayo ndiyo niliyoyaandika. Niliyapiga kwa taipureta, herufi moja moja, nikasikia raha mpaka kwenye vidole, kwa sababu nilijua ni mazuri na nilijua kwamba watu watadhani nimeyatunga mimi. Maganga aliporudi na mihogo alisoma, akacheka sana, akaniuliza nimeyatoa wapi. Nikamwambia kichwani.

Toleo lile liliisha siku mbili. Wauza samaki hawakulifungia samaki, walilisoma. Kwenye saluni za Tandika liliingia likiwa jipya likatoka likiwa matambara. Na sentensi yangu ilitoka kwenye puto ikatembea yenyewe. Makonda waliwaambia abiria wazee waliochelewa kushuka: "Kufa basi na mie nilale!" Watoto waliirukia kamba. Nilikuwa nikipita mtaani nikisikia neno langu kwenye midomo ya watu nisiowajua, nikatembea nimeinua kichwa. Nawaambia ukweli, katika maisha yangu yote, kuolewa, kuzaa, kupandishwa cheo, sijawahi kufurahi kama wiki ile.

Bi Pili alikuwa kwenye eda, hatoki, hasikii ya mtaani. Aliletewa nyumbani. Siku ya Alhamisi saa tisa mchana, nimewahi kurudi kwa sababu umeme ulikatika ofisini, wale dada wawili wa marehemu waliingia na Chungulia imekunjwa ndani ya pochi. Mkubwa alisoma kwa sauti, picha moja baada ya nyingine, akieleza nani ni nani. Nilikuwa chumbani kwangu, nimekaa kitandani, ukuta ule ule, bati lile lile. Alipofika kwenye puto alisoma mara mbili. Kisha akasema: "Mchoraji ni mpangaji wako. Mengine yote yalitokea mbele ya watu. Hili nalo ulilisema, hukulisema?" Akarudia: "Pili, nakuuliza kwa jina la ndugu yangu. Ulimwambia kaka yetu afe?" Bi Pili angeweza kukana. Mtu yeyote angekana. Akajibu: "Nilisema." Mdogo akapiga kelele kwamba huyu kamuua kaka yao, na mkubwa akamnyamazisha, akasema kwa upole mkubwa kwamba nyumba hii ni ya ukoo, eda ataimaliza humuhumu kwa sababu dini inasema hivyo, na siku itakapoisha wasimkute. Nilisikia pochi ikifungwa. Niliwasikia wakivaa viatu.

Jioni alituita wote wawili, mlangoni kwake. Karatasi waliyomwachia mawifi ilikuwa mapajani. Alianza na Maganga, na alimtukana vizuri, kwa dakika nyingi, upagazi wake na ukoo wake na miwani yake, mpaka nikaanza kupata nafuu, nikadhani dhoruba ni ya kawaida. Maganga aliinamisha kichwa. "Yote mimi, Bi Pili. Hata hayo maneno nimeyatunga mimi." Bi Pili akamtazama. "Wewe chumba chako kiko uani, Maganga. Usinifanye mjinga." Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Huyu ni mtani wangu. Akinivua nguo najua nimevuliwa na nani. Wewe ni nani yangu?" Akaigonga karatasi kwa kidole. "Haya maneno uliyasikia. Basi na ya baada yake uliyasikia, maana nilisema kwa sauti ileile. Mbona hayo hukuyaandika?"

Niliyasikia. Alipomaliza kusema kufa, palikuwa na sauti ya nguo inayokamuliwa, halafu akasema: "Astaghfirullah. Nisamehe, mume wangu. Usife. Usiniache na dada zako." Na akaenda kupika chai nyingine. Yote hayo yaliingia masikioni mwangu asubuhi ile, na siku ya stensili niliyapima, nikaona yanaharibu kichekesho, nikayaacha. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mwanamke aliyekwisha kunilisha miezi minane, na alichotaka kilikuwa kidogo sana, kwamba niende kwa mawifi zake niwaambie nilisikia na hilo la pili. Pengine lingemsaidia, pengine lisingemsaidia. Alisema: "Wakiambiwa na aliyesikia, watanielewa. Mwanangu, nenda." Nami nikasema, "Mie sijasikia kitu, Bi Pili. Labda Maganga." Maganga alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Bi Pili alikunja karatasi mara mbili. "Haya," akasema.

Mtu angedhani niliona haya. Jumamosi ile wauzaji walikuwa wanadai nakala nyingine, na stensili bado ilikuwa nzima. Maganga alikataa kuja. Nilifungua ofisi peke yangu, nikaifunga kwenye mashine, nikazungusha mpini mpaka bega likauma, na kila karatasi ilitoka na mjane wake kwenye kona anamwambia mumewe afe. Maganga alifika jioni akanikuta naziweka pini. Alitoa stensili kwenye mashine ikiwa bado na wino, akaichana mikononi, akatoka hivyo hivyo na mikono myeusi. Chungulia ilikufa siku ile. Yeye alikwenda akajifunza kwa wengine, akawa Maganga mnayemjua, na nimepitia kazi zake zote nikitafuta maiti, sijaona hata moja. Mimi nikaishia kuwa mhariri wa vitabu vya shule, kazi ya kufuta maneno ya watu, na nilistaafu na saa ya ukutani.

Sahani haikukoma. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Kila jioni, mpaka eda yake ilipoisha, nilikuta mkekani kawa ileile na kisamvu kilekile, bila neno, na kila jioni nilikula. Siku ya mwisho alipakia vyombo vyake kwenye mkokoteni akaenda Mbagala kwa kaka yake. Nilisimama dirishani nikisubiri ageuke.

Na sasa msiba wa Maganga. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wengine, miguu nimeinyoosha kwa sababu ya magoti, na mjane wake, ambaye simfahamu, alikuwa amekaa mkavu kwenye kona kama nilivyowahi kuona. Mara kelele mlangoni. "Yuko wapi mpagazi wangu? Nani kakupa ruhusa ya kufa, na mzigo wangu nitabebewa na nani?" Alikuwa Bi Pili, kizee sasa, ameshikwa mkono na mjukuu wa kike. Nilisikia wanawake wakinong'onezana kwamba huyu ndiye mtani wake wa Mbagala, ambaye Maganga alimwendea kila Idi akatukanwe, na akirudi alikuwa na raha wiki nzima. Miaka yote hiyo. Hakuwahi kuniambia, na kwa nini aniambie.

Bi Pili alichukua miwani ya marehemu mezani akaivaa. Akachukua daftari la mjukuu na penseli. Akafumba jicho moja, akatoa ulimi nje, na watu wote waliomjua Maganga wakapiga ukelele, maana alikuwa yeye mwenyewe amerudi. "Kaeni vizuri, nawachora! Wewe toa tumbo, au ingiza, chagua moja." Akapita mkekani mtu mmoja mmoja, anachora mistari miwili mitatu, anageuza daftari watu waone. Shangazi wa marehemu alipewa pua. Jirani alipewa meno. Mjane alipochorwa akiwa na mdomo kama jagi alicheka, kisha akalia, na Bi Pili akamkumbatia mpaka akalia yote. Halafu akaendelea. Alikuwa anakuja upande wangu na nilijua ananichora nini: masikio, makubwa, mpaka nje ya karatasi. Niliyataka. Nilitaka kutukanwa mbele ya watu kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nilipotaka kuonekana. Mwanamke wa kushoto kwangu alipewa kidevu. Nikasema, "Shikamoo, Bi Pili. Ni mie, Feli."

Aliishusha miwani ya Maganga kidogo, akanitazama kwa macho yake mwenyewe. Alinitambua. Akaiweka penseli ndani ya daftari, akalifunga.

"Marahaba, mama," alisema, kwa adabu kamili. "Poleni na msiba. Samahani, naomba nipite."

Nikakunja miguu, akapita.